UZI: Washtakiwa wa Houston walioponea kutiwa hatiani, miaka 20 baadaye wakoje?

#1 Kalamu ya Mezani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Humu ndani kila tukizungumzia kijana aliyekamatwa kwa mara ya kwanza, ubishi ni uleule. Kundi moja linataka sheria ichukue mkondo wake, jingine linataka apewe onyo akaendelee na maisha. Tunarushiana maneno bila mtu kuuliza: wale walioonywa wakaachiwa waliishia wapi? Na wale waliotiwa hatiani?

Kuna mahali jibu lilipatikana, kaunti ya Harris, jimbo la Texas, ambako ndiko jiji la Houston lilipo. Wachumi wawili, Michael Mueller-Smith wa Chuo Kikuu cha Michigan na Kevin Schnepel wa Simon Fraser kule Kanada, walichukua kumbukumbu za mahakama za kaunti hiyo wakaziunganisha na kumbukumbu za ajira. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2021.

Kwanza utaratibu wenyewe, maana ndiko utamu ulipo. Texas, mshtakiwa anaweza kukiri kosa mbele ya jaji, au akasema habishi, na jaji akaacha kumtia hatiani. Anaahirisha. Anamweka chini ya uangalizi kwa muda fulani: aripoti kwa afisa, apimwe mkojo, alipe ada, asiguse kosa jingine. Akimaliza salama kesi inafutwa, na kisheria hajawahi kutiwa hatiani. Akichezea masharti, jaji anarudi palepale alipoishia, anamtia hatiani, na anaruhusiwa kumshushia adhabu yote ambayo kosa lile linabeba.

Mwenzake aliyekaa naye benchi moja anatiwa hatiani, halafu naye anapewa uangalizi. Anaripoti kwa afisa kama huyu, anapimwa mkojo kama huyu, analala kwao kama huyu. Kwa macho ya jirani wote wawili "wako nje". Ila siku ya kujaza fomu ya kazi, penye swali la kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, mmoja anaweka alama ya Hapana bila kusema uongo. Mwingine hawezi.

Najua mtasema aliyepewa nafasi ni yule aliyekuwa na sura ya upole, wakili mzuri na mama anayelia kortini, kwa hiyo angefanikiwa tu. Ni kweli, ukilinganisha makundi mawili hivi hivi unajidanganya. Watafiti hawa walitumia ajali mbili za historia.

Ya kwanza ni 1 Septemba 1994. Siku hiyo sheria mpya ya adhabu ya Texas ilianza kazi. Iliunda daraja jipya la makosa makubwa lakini ya chini kabisa, hasa ya dawa za kulevya kiasi kidogo na wizi, na kwa makosa hayo mtu wa mara ya kwanza alikuwa na uhakika wa kupewa uangalizi hata akitiwa hatiani. Matokeo yake, kuahirishiwa kukapungua ghafla. Kesi zilizoangukia muda mfupi kabla ya mabadiliko zilikuwa na nafasi kubwa ya kuahirishiwa, zilizoangukia muda mfupi baadaye zikawa na nafasi ndogo. Watu walewale, mitaa ileile, makosa yaleyale.

Ya pili ni Novemba 2007. Jela ya kaunti ilikuwa imefurika. Viongozi wakawapelekea wapiga kura pendekezo la kukopa fedha wajenge jela nyingine, wapiga kura wakakataa kwa tofauti ndogo. Kufumba na kufumbua mahakama zikaanza kuahirisha kesi nyingi za watu wa kosa kubwa la kwanza. Yaani mara hii mambo yalikwenda upande wa pili: kabla ya kura nafasi ndogo, baada ya kura nafasi kubwa.

Ajali mbili, miaka 13 katikati, moja inapunguza na nyingine inaongeza, na zote zikatoa jibu moja. Walioponea kutiwa hatiani walirudi kwenye makosa mapya kwa kiwango kama nusu ya wenzao. Ajira yao ilipanda kwa karibu 50% ndani ya miaka 10. Kwa kundi la 1994, ambalo lingeweza kufuatiliwa zaidi, tofauti haikuwa imefutika hata baada ya miaka 20. Na faida kubwa zaidi ilikuwa kwa vijana weusi wa kiume.

Ndiyo maana naleta mada. Kinachomharibu mtu zaidi, kwa maoni yangu, ni alama inayobaki kwenye jina lake baada ya adhabu kwisha. Waandishi wenyewe walijaribu kuangalia kama siri ni muda wa gerezani, au sera nyingine zilizobadilika wakati ule. Havikulingana na takwimu. Kilicholingana ni ile alama.

Karibuni. Povu ruksa.

#2 Jembe Halimtupi

Nimekaa mbele kabisa.

#3 Fundi Mzee wa Temeke

Mkuu nakuheshimu lakini hizi tafiti za Wazungu huwa zinatetea wezi. Mimi nimevunjiwa karakana mara mbili. Wamechukua jenereta, mashine ya kuchomelea na vitasa vya wateja. Waliokamatwa wote wakapewa dhamana, tukawa tunapishana nao njiani. Sasa unataka na kesi zifutwe? Mwizi akijua mara ya kwanza ni bure, si kila mtu atajaribu mara ya kwanza?

#4 Kalamu ya Mezani (mleta mada)

Fundi, pole sana, na swali lako ni la haki. Hasira yako naielewa.

Tugawe mambo mawili. La kwanza, wale wa Houston hawakupata bure. Walikaa chini ya uangalizi kwa muda mrefu wakijua wakiteleza adhabu yote inawasubiri. La pili, wewe unachotaka hasa ni karakana isivunjwe mara ya tatu. Kama kundi moja linarudi kwenye makosa nusu ya jingine, basi kumtia mtu alama kunakuongezea uwezekano wa kuvunjiwa. Mimi hapo sioni kumtetea mwizi. Namtetea mwenye karakana.

Ila hofu yako ya "kila mtu atajaribu mara ya kwanza" utafiti ule haukuijibu moja kwa moja. Unafuatilia waliokwisha kushtakiwa, hausemi kijana aliye mtaani anawaza nini kabla ya kuiba. Hilo nakuachia.

#5 Fundi Mzee wa Temeke

Angalau umekubali kitu. Naendelea kusoma.

#6 Msafiri H-Town

Niko Houston mwaka wa kumi na kitu sasa, naendesha malori. Mleta mada kaeleza vizuri ila kuna mambo mtu wa mbali hayaoni.

Huku fomu ni kila mahali. Ghala, hospitali, shule, nyumba ya kupanga, hata kusukuma vigari vya wazee. Kampuni za kuuza taarifa zinanunua kumbukumbu za mahakama, mwajiri analipa dola kadhaa tu anapata historia yako. Na kuna mambo ambayo mwajiri hahusiki kabisa. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la dawa za kulevya asipate msaada wa chakula maisha yake yote, isipokuwa jimbo lijitoe. Texas ilikaza hadi 2015. Hebu fikiria binti wa miaka 19, kete moja ya kokeini mwaka 1997, kufikia 2014 ana watoto watatu na bado hapati msaada wa chakula. Aliyeahirishiwa kesi ya aina hiyohiyo sheria haikumgusa, maana hajatiwa hatiani.

Halafu msidhani kesi ikifutwa basi faili limechomwa. Texas ile kesi iliyoahirishwa bado inaonekana mtu akichimba. Tangu 2003 unaweza kuomba mahakama itoe amri ya kufunga kumbukumbu zisionyeshwe kwa umma, lakini kwa kosa kubwa lazima uombe, na polisi na baadhi ya bodi za leseni bado wanaziona. Wengi hawajui hata kama kuna hiyo amri.

#7 Bi Hadija wa Makorora

Mwanangu Msafiri, na watoto wetu walioko huko bila uraia? Mpwa wangu yuko Dallas, nasikia alipata kesi ya kupigana baa, akaambiwa kesi "imeahirishwa", akatupigia simu kwa furaha. Tufurahi?

#8 Msafiri H-Town

Shikamoo bibi. Hapa naomba kila mwenye ndugu Marekani asome taratibu.

Kwa asiye raia, ile nafuu ya Texas inaweza kugeuka mtego. Sheria ya uhamiaji ya 1996 inasema hivi kwa kifupi: ukikiri kosa, au ukikubali ukweli wa kutosha kukutia hatiani, na jaji akakuwekea adhabu au kizuizi chochote cha uhuru wako, kwa idara ya uhamiaji wewe umetiwa hatiani. Hawajali jimbo linaitaje. Uangalizi ni kizuizi. Kwa hiyo mtu yuko Texas kwa jina safi, anakwenda kuomba uraia au anarudi kutoka likizo Dar, uwanja wa ndege wanamwambia una hatia kwenye faili.

Njia salama zaidi ni makubaliano na mwendesha mashtaka kabla ya kukiri chochote mahakamani, kesi isimamishwe, utimize masharti, ifutwe. Hapo kwa kawaida uhamiaji hawana cha kushika kama hatia. Lakini kila kesi na mambo yake. Mpwa wako aende kwa wakili wa uhamiaji, asiende kwa wakili wa jinai peke yake, na asisafiri nje ya nchi kabla ya kumwona.

Kuna kesi maarufu ya José Padilla, mtu wa Honduras, mkaazi halali wa Marekani kwa miongo kadhaa, askari wa zamani wa vita vya Vietnam, dereva wa lori kama mimi. Alikutwa na shehena ya bangi kule Kentucky. Wakili wake akamwambia asijali, amekaa nchini muda mrefu, hawatamfukuza. Akakiri. Kosa lenyewe lilikuwa la kufukuzwa moja kwa moja. Ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2010 majaji wakasema wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri. Tangu hapo wakili akikaa kimya juu ya hilo, unaweza kupinga kukiri kwako.

#9 Bi Hadija wa Makorora

Marahaba mwanangu. Nampigia sasa hivi, huko ni asubuhi.

#10 Sauti ya Kijiweni

Mleta mada, umesema waliofaidika zaidi ni vijana weusi wa kiume. Kwa nini hao? Si ungetegemea mwajiri mbaguzi awakatae hata wenye faili safi?

#11 Kalamu ya Mezani (mleta mada)

Umegusa mahali ambapo mimi mwenyewe nilikaa nikawaza sana.

Mwaka 2003 mwanasosholojia Devah Pager alichapisha jaribio lake la Milwaukee. Alituma vijana wa kiume kuomba kazi 350 za ngazi ya chini. Wawili weupe, wawili weusi, wasifu unaofanana, wanabadilishana: leo huyu anasema amewahi kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya, wiki nyingine mwenzake. Weupe wasio na rekodi waliitwa tena 34%, wenye rekodi 17%. Weusi wasio na rekodi 14%, wenye rekodi 5%. Soma tena: mweupe aliyesema ametoka jela aliitwa zaidi ya mweusi safi. Na mweusi mwenye rekodi akabaki na nafasi moja katika ishirini.

Kwa hiyo hao vijana wa Houston walikuwa tayari kwenye ukingo. Alama ikiongezwa juu ya rangi, mlango uliobaki wazi kidogo unafungwa kabisa. Ukiiondoa, mlango unabaki na ule ufa, na inaonekana ufa ule kwa kijana wa miaka 20 na kitu unatosha kumshika kazini miaka ile ambayo angerudi mtaani. Hayo maelezo ya mwisho ni yangu, msiyabebe kama utafiti.

#12 Mdadisi wa Iringa

Basi si dawa ni kuwakataza waajiri kuuliza? Waondoe hilo swali kwenye fomu, yaishe.

#13 Kalamu ya Mezani (mleta mada)

Walijaribu, na kilichotokea kinauma. Majimbo na miji mingi ya Marekani ilikataza swali hilo kwenye fomu ya kwanza. Amanda Agan na Sonja Starr wakatuma maombi ya kazi ya kubuni kama 15,000 huko New Jersey na jiji la New York, kabla na baada ya katazo. Kwa waajiri waliokuwa wakiuliza, pengo la kuitwa kati ya mweupe na mweusi lilikuwa 7%. Baada ya swali kuondolewa likawa 43%.

Mwajiri aliyenyimwa faili akaanza kukisia, na akakisia kwa kutumia jina na rangi. Kijana mweusi asiye na kosa lolote akapoteza karatasi yake pekee ya kujitetea. Ndiyo maana mimi naona kuzuia alama isiwekwe tangu mwanzo, kwa wale wanaostahili, kuna maana kuliko kuificha ikishawekwa.

Ingawa hata kuifuta baadaye si bure. Michigan, huyo huyo Starr na mwenzake J.J. Prescott waliangalia waliofutiwa rekodi: mshahara ulipanda kama 22% ndani ya mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba katika waliostahili, waliofutiwa ndani ya miaka mitano ni 6.5% tu. Wengine wote fomu, ada, alama za vidole na kutojua viliwashinda.

#14 Mtoto wa Keko

Nimesoma yote. Sasa niwaulize mabingwa wa takwimu.

Mimi nimekaa mahabusu, gereza la Keko, Dar. Sisemi kesi gani. Nilikaa hadi mwanangu akaanza shule nikiwa ndani, upelelezi haujakamilika, tarehe zinapigwa kalenda. Siku moja tukaambiwa mkurugenzi wa mashtaka hana nia ya kuendelea. Nikatoka. Kwa vitabu vyenu mimi nimeponea kutiwa hatiani, niko kwenye lile kundi la neema. Nilirudi nikakuta fremu ya duka ina mtu mwingine, mke yuko kwao, na mtaani naitwa "yule aliyekuwa Keko". Hakuna aliyeniomba karatasi. Wanakuangalia tu.

Hiyo nusu yenu ya kurudia makosa na 50% ya ajira iko wapi hapo?

#15 Jembe Halimtupi

Pole sana mkuu.

#16 Kalamu ya Mezani (mleta mada)

Mtoto wa Keko, pole. Na nadhani umesema kitu ambacho mada yangu ilikiruka.

Wale wa Houston walioahirishiwa walirudi nyumbani. Faida ya kutotiwa hatiani ilikuja juu ya maisha ambayo hayajabomolewa. Wewe ulipewa adhabu kwanza, kesi ikafa baadaye. Tanzania tumeyaona hayo kwa ukubwa wake: masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa ndani miaka na miaka kwa mashtaka ya ugaidi, Juni 2021 yakafutwa, wakatoka bila hatia ya mahakama. Nani atasema maisha yao yaliponea kitu?

Hata Houston yenyewe ina upande huo. Paul Heaton, Sandra Mayson na Megan Stevenson mwaka 2017 walitoa utafiti wa makosa madogo ya kaunti hiyohiyo ya Harris. Waliokosa dhamana walikuwa na uwezekano wa 25% zaidi wa kukiri kosa kuliko wanaofanana nao walioachiwa, na 43% zaidi wa kupewa kifungo. Sababu unaijua wewe kuliko mimi: ukiwa ndani, kukiri ndiyo njia ya kutoka. Unaambiwa kiri leo, kesho uko nyumbani. Mtu anauza jina lake kwa usiku mmoja wa kulala kwake. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho Lee Rosenthal akasema mfumo ule wa dhamana unavunja katiba, na 2019 kaunti ikakubaliana na walalamikaji kuubadilisha.

#17 Sauti ya Kijiweni

Hiyo ya "kiri uende nyumbani" si ya Houston tu. 2019 watuhumiwa wa uhujumu uchumi walipewa siku saba na Rais Magufuli wakiri na warudishe fedha. Tuliona watu wanatoka tukashangilia.

#18 Mkaguzi Mstaafu

Tulishangilia bila kusoma. Waliokubaliana na upande wa mashtaka walitiwa hatiani kwa kukiri kwao, wakalipa fedha, wakaenda nyumbani. Uhuru walipata. Jina safi, hapana. Huo ndio mpango wa makubaliano ya kukiri, uliingizwa rasmi kwenye sheria zetu mwaka huohuo 2019, na siupingi, ila mtu ajue anachosaini. Huwezi kuwaweka kwenye kundi la kina Houston walioahirishiwa.

Kosa hilohilo watu wanalifanya na kifungo cha nje. Mtaani kijana akipewa kifungo cha nje tunasema "ameachiwa". Kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kumwachia mtu moja kwa moja, au kwa sharti asitende kosa ndani ya muda usiozidi miezi 12. Kwa nilivyokisoma, kinaanza na mtu aliyekwisha kutiwa hatiani. Hatia kwanza, msamaha baadaye. Amelala kwao, sawa. Lakini faili lake halikupita njia ile ya Texas.

#19 Mwanahoja wa Mvita

Assalaam alaykum na salaam kwa wote. Mimi ni wakili, nafanya kazi pwani ya Kenya. Niongeze ya kwetu.

Sheria yetu ya probesheni (ndio huo uangalizi mnaousema), Sura ya 64, kifungu cha 4, kwa kesi za mahakama za chini inampa hakimu njia mbili akiona shtaka limethibitika. Amtie mshtakiwa hatiani kisha ampe probesheni, ama ampe probesheni bila kumtia hatiani. Muda ni miezi sita hadi miaka mitatu. Hiyo njia ya pili ndiyo ndugu wa karibu wa ile ya Texas, na iko kwenye vitabu tangu ukoloni. Niulizeni ni mara ngapi nimesikia wakili akiiomba kwa jina lake. Tunasimama tunasema "mheshimiwa, mteja wangu anaomba msamaha, ni mkosaji wa mara ya kwanza, ana familia changa", hakimu anampa probesheni, tunatoka tunapongezana. Hakuna aliyeuliza ni probesheni ya (a) au ya (b).

Na kwetu karatasi inaulizwa. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweka vidole. Bawabu anatakiwa nacho, dereva anatakiwa nacho, msichana anayekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia au Qatar anatakiwa nacho. Pwani hii, kijana asiye na cheti ni kama ameshahukumiwa mara ya pili, na safari hii hakuna hakimu wa kumlilia.

Kuna jingine. Tangu 2019 ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka ya Kenya ina sera ya kuondoa kesi kwenye mkondo wa mahakama: mshtakiwa akubali kuwajibika, amlipe au amtake radhi aliyekosewa, kesi isiendelee. Nzuri kwenye karatasi. Mashinani inategemea sana mwendesha mashtaka uliyemkuta siku hiyo.

#20 Mdadisi wa Iringa

Wakili, na makosa ya kipuuzi? Uzururaji, kuuza karanga barabarani, kulala stendi.

#21 Mwanahoja wa Mvita

Hayo ningeyatoa kabisa kwenye mahakama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo kwenu Arusha, ilitoa maoni yake 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika. Mtu anakamatwa kwa hali yake, si kwa tendo lake.

Na nikirudi kwa mleta mada, Boston waliwahi kupima jambo la karibu na hili. Amanda Agan tena, na Jennifer Doleac na Anna Harvey, waliangalia makosa madogo yasiyo na ukatili katika kaunti ya Suffolk. Kesi ziliangukia kwa waendesha mashtaka kwa bahati tu, wengine wepesi wa kuziacha, wengine wagumu. Kwa wale walio kwenye mpaka, ambao kesi zao zingeachwa au kuendelea kutegemea amemwangukia nani, kuachwa kulipunguza uwezekano wa shtaka jipya ndani ya miaka miwili kwa 53%. Na faida kubwa ilikuwa kwa wa mara ya kwanza. Fundi Mzee, hii ni ya kwako.

#22 Fundi Mzee wa Temeke

Nimeiona wakili. Niseme hivi: wa kwanza, mdogo, hana kisu, mimi nakubali apewe nafasi, lakini anilipe mashine yangu. Hilo la kulipa mbona mmelipitia haraka? Houston mwenye mali alilipwa?

#23 Msafiri H-Town

Jaji anaweza kuweka sharti la kulipa fidia, kwenye kesi za wizi ni kawaida. Asipolipa makusudi anaweza kurudishwa kortini. Na huo ndio upande ambao mtu mwenye jina safi na kazi anakulipa, aliyenyimwa kazi anakukimbia.

#24 Fundi Mzee wa Temeke

Basi waanze na hilo.

#25 Mama Nassir Likoni

Samahani ndugu zangu, mimi si wa mambo ya Marekani. Nimesoma tangu juu kwa sababu mwanangu ana miaka 20, ameshikwa na simu ya wizi, anasema alinunua. Yuko seli tangu juzi. Kuna mtu pale kituoni amenishauri akubali kosa Jumatatu, atapigwa faini ndogo yaishe. Ana barua ya kazi ya ubawabu anayosubiri. Bwana wakili, nifanyeje?

#26 Mwanahoja wa Mvita

Mama, pole. Asikubali kitu ambacho hakukifanya ili tu arudi nyumbani. Akikubali, hakimu atamtia hatiani palepale, na hiyo faini ndogo itamfuata kwenye cheti cha ubawabu.

Jumatatu akisomewa mashtaka ana haki ya kukana na kuomba dhamana, na kosa kama hilo lina dhamana. Tafuteni risiti, ujumbe wa M-Pesa, au aliyekuwepo akinunua. Mwenye simu mkimpata, mzungumze naye kwa adabu na mbele ya watu. Akiridhika kabla ya hukumu anaweza kumwomba hakimu aondoe malalamiko chini ya kifungu cha 204, na hakimu akikubali mwanao anaachiwa huru. Na ikiwa ukweli ni kwamba alikosa, basi asikubali kabla wakili hajaongea na mwendesha mashtaka, na probesheni ikiombwa, iombwe ile ya bila kutiwa hatiani, kwa kutaja kifungu.

Ni mahakama gani, Shanzu au Mombasa mjini? Nifuate inbox na jina la kituo alichopo, usiliweke hapa.

#27 Mama Nassir Likoni

Nimekutumia, bwana wakili. Na hati wamenipa lakini siisomi vizuri, ni ya Kiingereza.

#28 Mwanahoja wa Mvita

Ipige picha kurasa zote, na nyuma pia.